Thrasta iliyogoma kusukuma kushoto: uchambuzi wa kisa cha boti moja ya rimoti

Boti ilikuwa ikirudi nyuma kuelekea gati la mbao, polepole, tezi, yaani nyuma ya boti, ikitangulia. Ilipobakiza mita mbili hivi, omo, yaani sehemu ya mbele ya boti, likaanza kuponyoka kwenda kulia. Mwenye boti akasukuma kijiti cha rimoti kushoto ili thrasta ilirudishe omo kwenye mstari. Mota ikanguruma, maji yakatokota ubavuni, na omo likaendelea zake kulia kana kwamba hakuna aliyeliambia kitu. Akaachia, akasukuma tena kwa nguvu. Safari hii boti nzima ikazima: mota kuu kimya, usukani umeganda. Baada ya kama sekunde 2 kila kitu kikaamka chenyewe, lakini boti ilishakaa mshazari na tezi yake ikagonga nguzo.

"Kaka, hii ni mota ya pili," akaniambia. "Ya kwanza ilikuwa ndogo, nikaitoa. Wewe niambie tu niweke kubwa kiasi gani."

Jibu la swali lake lilikuja kuwa: rudisha ile ndogo. Siku ile sikulijua bado. Nilichokijua ni kwamba mtu akiongeza nguvu halafu mambo yakazidi kuharibika, kwa kawaida nguvu haikuwa ndiyo iliyopungua. Nikamwomba aniachie boti kwa siku kadhaa.

Kwa asiyezoea kifaa hiki: thrasta ya omo ni propela ndogo iliyowekwa ndani ya bomba linalokata omo kutoka ubavu hadi ubavu, chini ya maji. Ikizunguka upande mmoja husukuma maji kushoto na omo likaenda kulia. Ikigeuza, kinyume chake. Nitakaposema "kusukuma kushoto" katika kisa hiki nina maana omo linakwenda kushoto, si maji.

Boti yenyewe ni mfano wa meli ndogo ya mizigo ya mwambao, kipimo cha 1:50. Urefu wake ni sentimita 110, upana 20, na kwenye michoro inatakiwa izame milimita 60, uzito ukiwa kilo 9 na ushei. Propela kuu ni moja, ya mkono wa kulia, yaani ukiitazama kutoka nyuma huzunguka kama mishale ya saa boti inapokwenda mbele. Shika hilo, tutalihitaji. Bomba la thrasta lina kipenyo cha ndani cha milimita 20 na limewekwa sentimita 14 nyuma ya ncha ya omo. Mota imesimama wima juu ya bomba, ndani ya boti, ikizungusha propela ndogo kwa gia za pembe. Kila kitu kinalishwa na betri moja ya risasi na asidi ya volti 6. Kuna vidhibiti mwendo viwili, vile ambavyo wengi huviita ESC: cha mota kuu kimetengenezwa kwa ajili ya boti, na cha thrasta kilitolewa kwenye gari la rimoti lililokufa.

Kazi ya mikono ilikuwa safi, na sina budi kuisifu. Alitoboa tundu dogo kila ubavu, akapitisha chuma chembamba kilichonyooka, akakikagua kama kiko sambamba na sitaha na kama kimeukata mkuku, uti wa chini wa boti, kwa pembe mraba, ndipo akayapanua matundu. Bomba aliliacha refu likiwa limetokeza pande zote mbili, akaligandisha kwa epoksi, na kulikata kufuata ubavu ikawa hatua ya mwisho. Wengi hulikata kwanza halafu wakahangaika kuziba pengo. Hakuna tone lililovuja.

Kwanza vipimo, bisibisi baadaye

Nilisubiri asubuhi isiyo na upepo, nikaiweka boti majini ikiwa imetulia kabisa, mota kuu imezimwa, nikapima muda wa omo kuzunguka nyuzi 90 kwa thrasta peke yake. Kulia: sekunde 13. Kushoto: sekunde 31. Nikarudia mara tano kila upande na tofauti haikuzidi sekunde moja au mbili.

Tayari hapo kuna matatizo mawili, wala si moja. Sekunde 31 ni nyingi mno, hilo kila mtu analiona. Lakini hata zile 13 hazikustahili mota iliyokuwa ikila karibu ampea 6 na nusu. Upande mzuri nao ulikuwa mgonjwa.

Kilichonipa fununu ya kwanza ni sauti. Propela iliyo ndani ya maji matupu huvuma. Hii ilikuwa ikigugumia, kama mtu anayemaliza soda kwa mrija, na upande wa kutokea maji kulikuwa na povu jeupe. Mwenye boti alishaniambia kwamba propela "inafanya kaviteshini" kwa sababu mota ni kali. Neno hilo linapendwa sana na linatumiwa vibaya. Kaviteshini ni maji yenyewe kugeuka mvuke pale shinikizo linaposhuka mno kwenye bapa la propela. Povu lile lilikuwa hewa ya kawaida iliyofyonzwa kutoka juu. Tofauti hiyo ina maana kwenye matengenezo, kwa sababu dawa ya hewa ni kina.

Nikachukua rula. Kwenye michoro katikati ya bomba iko milimita 35 juu ya mkuku, na boti ikizama milimita 60 sawasawa, katikati hiyo inakaa milimita 25 chini ya maji. Kanuni ya mkono inayotumika ni kwamba kina hicho kisipungue kipenyo kimoja cha bomba, kwa hapa milimita 20. Basi kwenye karatasi alikuwa ndani ya kanuni na akiba juu yake. Majini hali ilikuwa nyingine: omo lilizama milimita 45 tu na tezi 63. Betri, mota kuu na vidhibiti vyote vilikuwa vimekaa nyuma, na boti ilikuwa imeinama tezi. Toa 35 kwenye 45, zinabaki 10, na 10 ndiyo nusu kipenyo cha bomba. Paa la bomba lilikuwa linalamba uso wa maji.

Mabaharia wana msemo wao, tezi na omo marejeo ni ngamani, na mimi niliyekuwa nimeanza kuwaza propela na waya nikarudi ngamani, chini ndani ya chombo, kupanga farumi, yaani uzito wa kukitulizia. Boti ilikuwa nyepesi kwa karibu kilo 1 na imeinama kwa milimita 18. Nikakata risasi ya kilo 1 vipande vitatu, nikavisogeza sakafuni mpaka boti ikakaa sawa. Vilitulia kama robo mita mbele ya katikati. Sikugusa kitu kingine. Nikapima tena: kulia sekunde 9, kushoto 22.

Karibu theluthi ya muda imeondoka kwa kipande cha risasi. Kama ningeanza kwa kubadilisha mota, ningeongeza kasi ya kufyonza hewa, na ndicho hasa kilichompata yeye. Propela inayozunguka kwa nguvu zaidi karibu na uso wa maji huchimba shimo lake yenyewe la hewa.

Nani mgonjwa, kidhibiti au propela?

Pande zote zilipata nafuu kwa kiwango kilekile, kwa hiyo tofauti ya kulia na kushoto ilibaki palepale. Washukiwa walikuwa wawili. Wa kwanza ni propela: ilikuwa propela ya kawaida ya boti iliyopunguzwa kwa tupa hadi ikaingia bombani, na mabapa yake yamepindika kama kijiko. Propela ya namna hiyo inapenda upande mmoja. Wa pili ni kidhibiti cha gari, kwa sababu magari huhitaji kwenda mbele kwa nguvu na kurudi nyuma kwa adabu.

Njia ya kuwatenganisha ni rahisi sana na inanishangaza kwamba haitumiki zaidi. Badilishana nyaya mbili za mota. Sasa kijiti cha kulia kinasukuma omo kushoto na cha kushoto kinalisukuma kulia. Udhaifu ukimfuata kijiti, kosa liko kwenye umeme. Ukibaki na mwelekeo wa maji, kosa liko bombani.

Nikabadilisha, nikapima. Kijiti kulia, omo kwenda kushoto: sekunde 11. Kijiti kushoto, omo kwenda kulia: sekunde 18.

Ziweke hesabu nne pamoja. Upande mzuri wa kidhibiti ulitoa 9 kulia na 11 kushoto. Upande mbaya wa kidhibiti ulitoa 18 kulia na 22 kushoto. Propela ina hatia, lakini ndogo. Kidhibiti ndicho kilichokuwa kikinyang'anya nusu ya mwendo. Na namba hizi zina ushahidi wa ziada ndani yake. Msukumo wa propela hufuata mraba wa mizunguko, na muda wa kuzungusha boti kutoka kusimama hupungua kwa kipeuo cha pili cha msukumo huo. Yaani mizunguko ikiwa nusu, msukumo unakuwa robo na muda unakuwa mara mbili. 9 na 18, 11 na 22. Nikafungua mipangilio ya kile kidhibiti na nikakuta nilichotarajia: nguvu ya kurudi nyuma imewekewa ukomo wa asilimia 50, jambo la kawaida kabisa kwenye gari.

Ukomo huo ungeweza kupandishwa hadi 100. Kilichoniudhi ni tabia nyingine isiyoondoka. Vidhibiti vingi vya magari, ukitoka mbele kwenda nyuma moja kwa moja, vinafunga breki kwanza. Ni lazima urudishe kijiti katikati, kisha usukume mara ya pili ndipo kirudi nyuma. Kwa dereva wa gari hiyo ni hekima, inalinda gia. Kwa mtu anayejaribu kushika omo lisiponyoke, ina maana kwamba kila anapotoka kulia kwenda kushoto, mara ya kwanza hakuna kinachotokea. Mwenye boti alikuwa ameshaona "kwikwi" hiyo na akadhani ni mwingiliano wa mawimbi ya redio. Alikuwa ameizoea hadi kidole chake kinasukuma mara mbili bila yeye kujua.

Tukaweka kidhibiti cha boti, chenye nguvu sawa pande zote na kisicho na breki. Nitaje pia njia ya kale ambayo bado naipenda kwa boti ndogo: servo moja, yaani mota ndogo inayogeuza mkono kwa amri ya rimoti, inayobonyeza swichi ndogo mbili, kila moja ikiwa na kazi ya kuunganisha ncha moja ya mota na chanya. Zikiachwa zote, ncha zote mbili zimelala kwenye hasi na mota husimama papo hapo. Haina hatua za katikati, ni yote au hakuna, lakini haijui kubagua kulia na kushoto. Thrasta za boti nyingi halisi za zamani nazo zilikuwa za kuwasha na kuzima tu.

Propela tuliibadilisha kwa yenye mabapa bapa yasiyopinda, ambayo haijali inazungushwa upande gani. Inapoteza kidogo kwenye upande ambao ile ya zamani ilikuwa bora, na inarudisha kwenye upande mwingine. Kwa thrasta biashara hiyo ina faida. Ncha za mabapa zikaribie ukuta wa bomba bila kuugusa. Pengo kubwa hupitisha maji kurudi yalikotoka.

Midomo ya bomba nayo ilikuwa imekatwa kwa ukingo mkali kama wa kopo. Maji yanayoingia hayapendi kona kali, yanajitenga na ukuta na kuzunguka mlangoni. Tulizungushia epoksi iliyochanganywa na unga wa kujazia, kisha msasa uliofungwa kwenye kidole, hadi ukingo ukawa na mviringo wa milimita 2 hivi, yaani sehemu moja ya kumi ya kipenyo. Kazi ya jioni moja, na haihitaji umeme.

Sekunde mbili za giza

Kuzima kwa boti kulinisumbua zaidi kuliko udhaifu wa kushoto, kwa sababu thrasta dhaifu inakera tu, ila boti isiyosikia inaweza kumgonga mtu anayeogelea.

Risiva, kipokezi cha mawimbi ya rimoti ndani ya boti, ilikuwa ikipata umeme kupitia kidhibiti cha mota kuu, ambacho ndani yake kina kipunguza volti, kile wanachokiita BEC, cha kutoa volti 5 kwa ajili ya risiva na servo. Kipunguza volti cha aina ya kawaida kinahitaji kiingie kingi kuliko kinachotoka. Betri ya volti 6 inakipa nafasi finyu sana. Ile mota kubwa inapoanza kutoka kusimama huvuta mkondo mwingi mara kadhaa ya ule wa mwendo wa kawaida. Na ukiigeuza ghafla ikiwa bado inazunguka, volti inayozalishwa na mota yenyewe hujumlishwa na ya betri badala ya kuipinga, na mkondo unapita hata ule wa mota iliyokwama. Nyaya zilikuwa nyembamba. Betri ikainama, kipunguza volti kikakosa pumzi, risiva ikazima na kuwaka upya. Sekunde 2 zilikuwa muda wake wa kutafutana na rimoti.

Multimita ya kawaida haikuonyesha kitu; ilisoma 5.7 na kutulia, kwa sababu mshuko huo ni mfupi kuliko uwezo wake wa kuona. Kilichosema ukweli ni rimoti yenyewe, ambayo huhifadhi volti ya chini kabisa iliyowahi kufika kwenye risiva: 3.6.

Tiba ilikuwa na sehemu tatu na zote zilihitajika. Risiva ikapewa betri yake ndogo ya seli 4, na waya mwekundu wa kila kidhibiti ukachomolewa kwenye plagi yake ili vipunguza volti visigombane na betri hiyo. Nyaya za thrasta zikabadilishwa kwa nene na fupi, na fyuzi ya ampea 5 ikawekwa njiani. Na kwenye rimoti chaneli ya thrasta ikapewa ucheleweshaji wa sekunde 0.3 kutoka ukingo hadi ukingo. Kidole hakiuhisi, mota inauhisi sana. Kapasita tatu za nanofaradi 100 nilizichomelea kwenye mota papo hapo, moja kati ya ncha mbili na moja kutoka kila ncha kwenda kwenye kasha, kwa kuwa mota ya brashi isiyo na kapasita hutupa cheche zake kwenye redio. Hilo halikuwa kosa lililosababisha kisa hiki. Ni usafi tu.

Kwa nini mota ndogo

Hapa ndipo tulipobishana, na kwa haki, kwa sababu baada ya matengenezo mota kubwa ingefanya kazi vizuri. Sekunde 8 kwa nyuzi 90 zingepatikana. Yeye alizitaka.

Hoja yangu ya kwanza ilikuwa ya umeme. Msukumo unafuata mraba wa mizunguko lakini nguvu inayoliwa inafuata mchemraba. Ukitaka msukumo mara mbili unalipa nguvu karibu mara 2.8. Mota ndogo ilikula ampea 2.2, kubwa 6 na nusu: mara tatu ya ulaji kwa msukumo mara mbili hivi. Betri ni ileile inayoendesha boti nzima.

Hoja ya pili ilimgusa zaidi kwa sababu ni mtu anayehesabu hadi vishikio vya sitahani. William Froude, mhandisi Mwingereza aliyejenga tangi la kujaribia mifano ya meli huko Torquay miaka ya 1870, ndiye aliyetuachia kanuni ya kulinganisha mfano na meli: mwendo na muda hupimwa kwa kipeuo cha pili cha kipimo. Kwa 1:50 kipeuo hicho ni 7.07. Sekunde 8 za mfano ni sekunde 57 za meli. Meli ya mizigo ya mita 55 inayojigeuza robo duara kwa chini ya dakika moja kwa thrasta peke yake ingemfanya nahodha wake ashike ukuta. Tukaijaribu mota ndogo: kulia sekunde 11 na nusu, kushoto 12. Mara 7.07, ni kama sekunde 85. Ukiitazama kutoka ukingoni, boti inageuka kwa uzito, kama kitu chenye tani elfu moja ndani yake. Akanyamaza, akaniomba nimrudishie rimoti.

Ukitazama vizuri, mota ndogo kwenye bomba lililozama ilishinda mota kubwa kwenye bomba linalokunywa hewa, hata kwenye upande ule mzuri wa sekunde 13. Mota ile ya kwanza haikuwa na kosa lolote siku alipoing'oa.

Kidole gumba na miksi

Lakini kisa hakikuanza boti ikiwa imesimama. Kilianza ikirudi nyuma, na hapo palibaki fundo moja ambalo mota, propela wala farumi hazikuligusa.

Nilisema propela kuu ni ya mkono wa kulia. Ikigeuzwa kurudi nyuma, propela ya namna hiyo huvuta tezi kushoto, na tezi ikienda kushoto omo linakwenda kulia. Kila meli yenye propela moja ina tabia yake ya aina hii, na manahodha huitumia kujilaza gatini. Kwa hiyo katika kurudi nyuma thrasta ilihitajika kusukuma kushoto kila mara, na kushoto ndiko ilikokuwa hoi. Ndiyo maana aliuona udhaifu huo siku ya kwanza. Angekuwa na propela ya mkono wa kushoto huenda angekaa mwaka mzima bila kugundua.

Sasa njoo kwenye rimoti. Alikuwa amefunga miksi: kijiti cha usukani kinapokwenda kulia, thrasta nayo inasukuma kulia kwa asilimia 100, na kushoto vivyo hivyo. Ni wazo linalovutia, kijiti kimoja kinafanya kazi mbili, na boti ikienda mbele mambo yanapatana. Boti ikirudi nyuma yanageuka vita. Usukani ukielekezwa kulia boti ikirudi nyuma, tezi inakwenda kulia na omo kushoto. Miksi haijui kwamba boti inarudi nyuma. Inaiamuru thrasta isukume omo kulia. Ukielekeza usukani kushoto ni yaleyale kwa kinyume. Hakuna upande wa kijiti ambao viungo viwili vya boti vinakubaliana. Mwenye boti alikuwa akipigana na yeye mwenyewe, na nusu ya nguvu zake ilikuwa upande wa adui.

Kuna dawa ya kielektroniki: miksi inayojizima mota kuu inapokuwa kinyume, au inayofanya kazi chini ya theluthi ya mwendo tu. Rimoti yake ingeweza. Niliikataa, na hapa ni suala la maoni. Mtu anayejifunza kuleta boti gatini anahitaji kujua ni kiungo gani kinafanya nini, na miksi inamficha. Tulihamishia thrasta kwenye kijiti cha kushoto, mwendo wa kulia na kushoto, chenye springi ya kukirudisha katikati. Nobu ya kuzungusha, ambayo wengine huitumia, siishauri kabisa: haijirudishi, na utaiacha imewaka huku ukijiuliza boti inavutwa na nini.

Kijiti hicho hicho kwa juu na chini ndicho kinachoamuru mota kuu, basi tatizo jipya likaja: ukisukuma mbele, kidole kinateleza kidogo pembeni na thrasta inakohoa. Tukaweka eneo lisiloitika la asilimia 8 kila upande wa katikati, na baada yake mwitikio unaoanza taratibu kisha kukolea. Ilichukua dakika kumi na ndiyo mabadiliko aliyoyasifia zaidi ya yote, jambo lililoniuma kidogo nikikumbuka jioni ya msasa.

Tukarudi kwenye gati lilelile. Mota kuu kinyume polepole, usukani katikati, na kila omo linapoanza kuponyoka kulia, mguso mfupi wa kushoto. Likarudi. Boti inaporudi nyuma, kitovu chake cha kuzungukia husogea kuelekea tezi, kwa hiyo thrasta iliyo ncha ya omo inapata wenzo mrefu kuliko wakati mwingine wowote. Ndiyo hali ambayo kifaa hiki kinang'ara. Aliiingiza boti gatini mara nne mfululizo, ya nne bila kugusa usukani hata kidogo.

Kisha, kama nilivyotegemea, akaipeleka mbele kwa mwendo wa wastani, akasukuma kijiti kushoto, na karibu hakuna kilichotokea. Akanigeukia.

Hiyo sikuitengeneza kwa sababu haitengenezeki. Boti ikienda mbele kitovu kinasogea kuelekea omo, kama robo hadi theluthi ya urefu kutoka mbele. Kwa boti hii wenzo unashuka hadi kama sentimita 16. Tena maji yanayotoka bombani hukunjwa na maji yanayopita ubavuni, yanajilaza kwenye ubavu na kuunda eneo la shinikizo dogo linalolivuta omo kurudi kulekule linakotoka. Kwenye meli halisi thrasta huanza kuishiwa nguvu kati ya noti (maili za baharini kwa saa) 2 na 4. Boti yake ilikuwa ikienda kama sentimita 30 kwa sekunde, ambazo kwa kipimo chake ni noti 4. Ilikuwa ikifanya kile ambacho meli kubwa hufanya, kwa mwendo uleule ambao meli kubwa hukifanya, na huko mbele usukani upo.

Wiki ya pili fyuzi iliungua. Jani lilikuwa limeingia bombani na kujisokota kwenye propela. Mota ilikuwa baridi, kidhibiti kizima, na boti ikarudi ukingoni kwa usukani wake. Sasa anatengeneza vichungi vya waya vya kufunika midomo ya bomba, nami nimemwomba apime tena sekunde zake kabla ya kuvigandisha, maana kila waya unaokaa mlangoni unachukua chake.